Shati la Baba, Gauni la Mtoto: Kushona Upya Nguo Kuukuu Nyumbani

Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, mafundi wa Mombasa hawapokei kazi tena. Vitambaa vimewajaa hadi mlangoni, na ukienda na chako utaambiwa urudi baada ya Idi. Hapo ndipo simu yangu inapoanza kulia. "Shangazi, cherehani ya bibi iko chini ya ngazi, itafanya kazi?" "Shangazi, naweza kumkatia mtoto dera langu la zamani?" "Shangazi, mbona uzi wajikusanya chini?" Mwaka jana nilijibu swali la uzi mara nne kwa siku moja, mara ya mwisho nikiwa nachambua dagaa. Basi nimeyaandika yote hapa, na anayeuliza nitamtumia hii.

Kabla ya yote, jambo moja. Wanaoanza huishika nguo kuukuu kama kitambaa kipya: wanaikata vipande vipande, kisha wanahangaika kushona kila kitu tangu mwanzo. Nguo kuukuu imeshashonwa! Upindo upo, vifungo vipo na tundu zake, mishono ya ubavuni ipo, na imepigwa na mashine bora kuliko yako. Kazi yako ni kutafuta pa kukata ili usiguse vile ambavyo vimekwisha. Gauni ninalokuelekeza hapa lina mkato mmoja mkubwa, basi.

Uwe na nini

- Shati la mwanamume la pamba, kubwa, lenye vifungo mbele. Kama nyumbani hakuna wa kukupa, nenda Kongowea kwenye mitumba na utafute saizi XL. Usitazame kola, kola hatuihitaji. Shati ambalo wanunuzi wengine wamelirudisha kwa sababu ya kola iliyoliwa ndilo lako, na bei yake huteremka ukionyesha kidole hiyo kola.
- Cherehani yoyote: ya mkono, ya miguu au ya umeme. Kama huna, sindano ya mkono inatosha, ila shona kwa kurudi nyuma kila hatua ili mshono usifumuke.
- Sindano za mashine namba 90/14 kwa shati na leso, na 100/16 kwa suruali ya jinsi. Nunua mpya. Ile iliyokaa kwenye mashine tangu mwaka juzi imeshapata kutu ya hewa ya bahari hata kama huioni.
- Uzi wa polista. Wa zamani uvute kwa mikono miwili. Ukikatika bila kukaidi, umeoza, tupa.
- Mkasi wa kitambaa tu. Usikatie karatasi wala pakiti ya maziwa. Nyumbani kwangu wangu umefungwa utepe mwekundu, na bado nimewahi kuukuta jikoni.
- Wembe mpya wa kufumulia, tepu ya fundi, pini, na pini moja kubwa ya kufungia, ile ya nepi.
- Lastiki ya upana wa sentimita 2, urefu wa sentimita 60.
- Kipande cha sabuni kilichokonda na kukauka. Kinachora vizuri kuliko chaki kwenye kitambaa cha rangi, na kikifuliwa kinatoka.
- Pasi. Watu huidharau, lakini nusu ya ushoni ni pasi. Kama ni ya makaa, ipunge nje kwanza cheche zitoke.

Kama hujawahi kuendesha cherehani ya miguu, kaa nayo jioni moja bila uzi, ushone karatasi ya gazeti. Gurudumu linazunguka kuja kwako. Ukikanyaga vibaya likarudi nyuma, uzi utajisokota na kukatika. Anzisha gurudumu kwa mkono wa kulia, miguu ifuate. Karatasi ikitoka na matundu yaliyonyooka, uko tayari. Kisha weka sindano mpya, kwa sababu karatasi imeifisha ile.

Gauni la mtoto wa miaka 3 au 4

1. Likague shati. Lishike mbele ya dirisha, mwanga upite. Mashati huchoka kola, viwiko na kwapa. Kuanzia kwapa kwenda chini mara nyingi ni zima, na gauni letu linatoka hapo. Ukiona kitambaa kimekuwa chepesi kama chachi hata tumboni, usijisumbue. Hilo ni tambara la kufutia vumbi.

2. Lifue, lianike, lipige pasi. Usikate nguo iliyokunjamana, vipimo vyote vitakuwa uongo.

3. Mpime mtoto. Vipimo viwili tu: kifua kwa kuzunguka chini ya kwapa, na urefu kutoka kwapani hadi gotini. Mfano wangu hapa ni kifua 55, urefu 42, kwa sentimita. Usipime gauni lake la zamani badala yake. Hilo linambana, ndiyo maana unamshonea jingine.

4. Fumua mfuko wa kifuani. Hapa wengi wananasa. Mkato wetu unapita chini ya kwapa, na mfuko wa shati huning'inia chini ya hapo, kwa hiyo ukikata bila kuutoa utaukata katikati. Kata nyuzi za mshono moja baada ya moja kwa ncha ya wembe, ukisukuma kutoka kwako, usivute mfuko kwa nguvu. Chini yake utakuta mraba wenye rangi ya zamani, kama shati lilivyokuwa siku linanunuliwa. Usishtuke. Una njia mbili: kurudisha mfuko uufunike huo mraba, au kugeuza gauni vifungo vikae mgongoni na mraba uende huko nyuma. Mimi hupenda vifungo mgongoni, maana mtoto wa miaka mitatu akiviona mbele atavifungua vyote kabla ya kufika kwa nyanya yake.

5. Chora mstari. Funga vifungo vyote. Tandaza shati mezani au sakafuni, si kitandani, godoro hudanganya. Mishono ya ubavuni ilale pembeni sawasawa. Sasa pima kutoka chini kwenda juu, penye ukanda wa vifungo: urefu wa mtoto, ongeza sentimita 3.5 za kukunja juu. Kwa mfano wetu ni 42 na 3.5, yaani 45.5. Chora mstari ulionyooka kutoka ubavu hadi ubavu.

Mstari lazima upite chini ya matundu ya mikono. Ukiangukia ndani ya kwapa, shati ni fupi. Teremsha mstari, gauni liwe la juu ya goti. Na usije ukapimia juu, ukakata chini. Huko chini kuna upindo wa kiwanda wenye mviringo, ambao wewe na mimi tukiushona upya tutatoka jasho na bado utakunjamana. Tunauacha kama ulivyo.

6. Kata. Kabla ya kukata, likunje shati mara mbili kwa urefu, ubavu juu ya ubavu, uone kama mstari unakutana. Usipokutana, umechora mshazari. Ukikata, mdomo wa chini wa mkasi utembee juu ya meza. Usiinue kitambaa hewani. Usitupe mikono ya shati.

7. Funga ukanda wa vifungo kwa juu. Kama kuna kifungo ndani ya sentimita 5 za kwanza kutoka ulipokata, kitoe. Kisha shona pande mbili za ukanda zishikane, kuanzia juu kushuka sentimita 8. Ukiruka hatua hii, lastiki itatoroka pale mbele ukianza kuipitisha.

8. Tengeneza handaki la lastiki. Kunja sentimita 1 kwa ndani kuzunguka kote, piga pasi. Kunja tena sentimita 2.5, piga pasi, bana kwa pini. Shona karibu na ukingo wa chini wa mkunjo, kwa mishono yenye urefu wa milimita 2.5 kila mmoja. Anzia upande usio na vifungo na uache mwanya wa sentimita 5 bila kushona.

Ukifika penye ukanda wa vifungo, acha kukanyaga. Pale matabaka ya kitambaa yamerundikana, na sindano ikilazimishwa kwa kasi huvunjika na kuruka. Zungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja moja, hadi uvuke. Mvunjiko wa namna hiyo uliwahi kunigonga kwenye miwani. Tangu siku hiyo sivui miwani nikishona, hata mahali ambapo naona vizuri bila yake.

9. Pitisha lastiki. Kata lastiki ya kifua cha mtoto kutoa sentimita 2. Kwa kifua cha 55, kata 53. Ncha moja itoboe kwa pini ya nepi, na ncha ya pili ibane kwenye kitambaa penye mwanya, isije ikamezwa. Sukuma pini ndani ya handaki, kusanya, vuta, sukuma tena, hadi itokee ulikoanzia. Hakikisha lastiki haikujipinda njiani. Lalisha ncha moja juu ya nyingine kwa sentimita 2, zishone kwa kwenda na kurudi mara tatu, ndipo ufunge mwanya. Sawazisha marinda kwa vidole.

10. Mikanda ya mabegani. Fumua mikono ya shati kwenye mshono wake, ipige pasi. Kata vipande viwili vya upana wa sentimita 8 na urefu wa 40. Kingo mbili za urefu zikunje zikutane katikati, kisha kunja tena mara mbili: utapata mkanda wa sentimita 2 wenye matabaka manne. Shona ukingoni. Kama shati lilikuwa la mikono mifupi, unganisha vipande viwili vipate urefu.

Shona mikanda mbele kwanza, kila mmoja kati ya kwapa na katikati ya kifua. Nyuma ibane kwa pini tu. Mvishe mtoto, ipishane mgongoni kama herufi X isiteleze mabegani, weka alama ya sabuni, mvue, ndipo ushone. Sentimita zinazobaki za mkanda zikunje kwa ndani, usizikate. Mtoto anakua, mwakani utazishusha.

11. Urefu ukizidi. Usikate chini, nimeshasema! Kunja rinda moja la kulala kuzunguka gauni lote, kama kiganja kimoja juu ya upindo, ulishone kwa mishono mirefu ya milimita 4. Watu watadhani ni pambo. Mtoto akirefuka, unafumua na wembe, gauni linashuka.

Leso iliyobaki peke yake

Kila nyumba ya Mombasa ina leso moja ambayo mwenzake amepotea: amechanwa akawa mbeleko, ameungua pasi, au ameazimwa. Leso ina upana wa zaidi kidogo ya mita moja na urefu wa kama mita moja na nusu, kwa hiyo inatoa mfuko wa sokoni na bado unabaki na kitambaa. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, Agosti 28 mwaka 2017, sijanunua mfuko hata mmoja wa dukani. Ninayo kumi na moja ya leso. Majirani wanaazima, hawarudishi.

Kama leso ni mpya, iloweke na kuifua kwanza kando na nguo nyingine. Kanji ya dukani itoke, kitambaa kinywee mapema, na kama ni nyekundu au nyeusi rangi yake ichuje kwenye beseni badala ya kuchujia kanzu ya mtu.

1. Tafuta jina kabla ya kugusa mkasi. Leso ina pindo la kuzunguka, mji, yaani pambo la katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, na jina ndilo litakalosomwa mfuko ukiwa mkononi. Lipange lote likae ndani ya upande mmoja. Niliwahi kushona foronya ya mto wa sebuleni kutoka leso iliyoandikwa SINA UBAYA NA MTU. Neno la kwanza likaingia kwenye mshono. Mto ukakaa kwenye kochi umeandikwa UBAYA NA MTU, na nilikuja kuujua siku shemeji alipokuja kututembelea na kuusoma kwa sauti.

2. Kata vipande viwili vya leso, upana sentimita 42 na urefu 45, na viwili kama hivyo vya shuka kuukuu kwa ndani. Leso peke yake ni nyepesi, kilo mbili za viazi zitaipasua. Usikate kipande kimoja kirefu ukakunja chini ili kuokoa mshono: maua na maandishi ya upande wa pili yatasimama kichwa chini.

3. Lalisha leso juu ya shuka na uzishone pamoja kuzunguka kingo. Sasa kila upande ni kitu kimoja.

4. Unganisha pande mbili kwa mshono wa kujificha, maana nyumbani hatuna ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo. Sura za nje zikiwa nje, shona ubavu na chini kwa nusu sentimita. Punguza nyuzi zinazochomoza, geuza mfuko ndani nje, piga pasi, kisha shona tena kwa sentimita 1. Kingo zote zimefungiwa ndani ya mshono, hazitatoa nyuzi.

5. Mdomo wa mfuko kunja mara mbili, sentimita 1 kisha 3, shona. Mishikio ikate kwenye mguu wa suruali ya jinsi iliyopasuka magoti: upana 8, urefu 55, iliyokunjwa kama mikanda ya gauni. Ishone kwa umbo la mraba wenye X ndani. Badilisha sindano iwe 100/16 kabla ya kugusa jinsi. Mshono mmoja tu wa kushikizia kwa juu hauvuki soko la Marikiti mara mbili.

Na dera je?

Anayeanza asianze na dera. Kitambaa chake kinateleza, kinakimbia chini ya sindano, na mkato unatoka kama wimbi. Shona kwanza mashati matatu. Buibui nayo vivyo hivyo. Fulana ni shida nyingine: zinavutika, zinataka sindano yenye ncha ya mviringo, ile ya kitambaa cha kuvutika, na mshono wa zigizaga. Foronya na mashuka ya pamba, kwa upande mwingine, ni rafiki wa mwanafunzi. Foronya inakuwa gauni kwa hatua zile zile za 8 hadi 10, ukishafumua mshono wa chini ili mtoto apate pa kupita.

Sare za Idi za familia nzima kutoka vitambaa vya zamani zinawezekana, lakini usilazimishe kila mtu avae kitambaa kimoja, hakitatosha. Chukua leso moja ya rangi kali, itie kidogo kwa kila mmoja: mfuko kwenye gauni, ukanda kwenye kofia ya mvulana, pindo kwenye mtandio wa mama.

Ikigoma

*Uzi unajikusanya chini ya kitambaa.* Hili ndilo swali la mara nne kwa siku. Kila mtu hukimbilia bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na kosa liko juu. Toa uzi wa juu wote. Inua mguu unaokandamiza kitambaa, ndipo upitishe uzi upya. Mguu ukiwa chini, visahani vya kukaza uzi vimefungwa na uzi hauingii kati yake, unaelea tu. Mara tisa kwa kumi hapo pameisha.

*Mashine inaruka mishono.* Sindano imepinda, imefubaa, au umeiweka kinyume. Ile mifereji miwili ya sindano, mrefu uelekee upande ambao uzi unaingilia. Kwenye mashine nyingi za sasa upande bapa unatazama nyuma. Kwenye zile nyeusi za zamani mara nyingi unatazama pembeni.

*Uzi wa juu unakatika kila baada ya shubiri.* Legeza skrubu ya kukaza uzi kidogo, robo duara. Bado? Badilisha uzi. Bado? Pitisha kidole kwenye bamba chini ya sindano. Sindano zilizovunjika huacha mikwaruzo inayokata uzi.

*Mshono umevuta kitambaa, kimekunjamana.* Uzi umekazwa mno, au mishono ni mifupi mno kwa kitambaa chepesi. Na usivute kitambaa kutoka nyuma ili kuharakisha. Kiongoze tu, meno ya mashine yatakipeleka.

*Gauni linabana kifuani.* Fungua ule mwanya wa lastiki, kata lastiki pale ulipoiunganisha, ongeza kipande. Dakika kumi.

*Mashine ni nzito, inalia.* Ifungue pale chini, toa pamba na vumbi kwa brashi ya mswaki, kisha tone moja moja la mafuta ya cherehani penye kila tundu la mafuta. Baada ya hapo shona tambara bovu kwanza, mafuta ya ziada yaishie huko. Usitie mafuta ya kupikia, na nakuomba sana, usitie mafuta ya nazi. Binamu yangu aliitia mashine ya mama yake mafuta ya nazi kwa nia njema, ikaenda laini juma moja, kisha yakaganda kama gundi hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Tuliisafisha siku nzima kwa mafuta ya taa na mswaki, uani, na kuku wakatembea juu ya skrubu.